Anwani Kwanza, Mshahara Baadaye: Mkopo wa Nyumba za Vijijini Nchini Marekani

Ndugu zangu, kina mama na kina baba, nawashukuru kwa kuja. Mada yetu ni mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ule ambao wengi wetu tumeusikia ukisemwa kwamba "unanunua nyumba bila kutanguliza hata senti". Usemi huo ni wa kweli, lakini umewapoteza watu wengi, kwa sababu anayeusikia hukimbilia benki akiwa na hati zake za mshahara na alama zake za mkopo, yaani ile namba inayoonyesha jinsi mtu alivyolipa madeni yake, mkononi, wakati mpango huu huanza kuuliza maswali mawili ambayo hayamhusu yeye binafsi: nyumba iko wapi, na ni nani watakaolala ndani yake. Nimeona waombaji wenye mishahara mizuri na madeni machache wakikataliwa katika maswali hayo mawili, na nimeona watu wa kipato cha chini wakipita.

Nianze na asili, kwa ufupi. Mpango huu umo katika Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949, ambayo sehemu yake ya tano ilimpa Waziri wa Kilimo mamlaka ya kukopesha fedha za makazi. Mwanzoni walengwa walikuwa wakulima na watu wa mashambani. Ilipofika mwaka 1961 mlango ulifunguliwa kwa wakazi wengine wa vijijini ambao hawalimi hata bustani. Ndiyo maana hadi leo fundi wa magari, muuguzi au mwalimu huomba mkopo wa nyumba katika Wizara ya Kilimo, na hakuna atakayemuuliza ana ekari ngapi. Kwa kweli ardhi yenye mashamba na mabanda ya biashara humharibia mwombaji, kwa kuwa mkopo huu ni wa makazi tu, nyumba ambayo mnunuzi ataishi humo mwenyewe.

Kuna mikopo miwili chini ya jina moja, na kuichanganya ni chanzo cha nusu ya manung'uniko ninayoyasikia. Wa kwanza ni mkopo wa dhamana: fedha zinatoka benki au kampuni ya mikopo ya kawaida, na serikali inamhakikishia mkopeshaji kwamba mkopaji akishindwa kulipa, itamfidia sehemu ya hasara yake, kwa dhamana inayofikia asilimia 90 ya mkopo. Dhamana hiyo inamlinda mkopeshaji, haimlindi mwenye nyumba. Asiyelipa atanyang'anywa nyumba kama mtu mwingine yeyote. Wa pili ni mkopo wa moja kwa moja, ambao fedha zake ni za serikali yenyewe na maombi yake hupelekwa katika ofisi ya maendeleo vijijini ya wizara hiyo. Huu wa pili ni wa kaya zenye kipato kisichozidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo husika, yaani kile ambacho nusu ya kaya hupata zaidi yake na nusu hupata chini yake, nao una ruzuku inayoweza kuishusha riba anayoibeba mkopaji hadi asilimia 1, kwa muda wa miaka 33, au 38 kwa yule ambaye kipato chake hakitoshi kulipa katika ule muda mfupi zaidi. Nitakaa zaidi kwenye ule wa dhamana, kwa kuwa ndio unaowafikia wengi.

Tuingie kwenye anwani. Neno "kijijini" hapa lisiwachoree picha ya ng'ombe na vumbi. Sheria inatazama idadi ya watu na sura ya mahali: miji midogo isiyozidi watu 10,000 yenye sura ya kijiji hukubalika, mingine ya hadi 20,000 hukubalika ikiwa iko nje ya majiji makubwa na mikopo ni adimu huko, na baadhi ya miji iliyokuwa imekubaliwa zamani imeruhusiwa kubaki hadi ikifikia watu 35,000. Matokeo yake ni kwamba vitongoji vingi vilivyo mwendo wa nusu saa kutoka jiji kubwa vimo ndani ya ramani. Wizara ina ramani ya bure mtandaoni. Unaandika anwani kamili, namba ya nyumba na barabara, nayo inakujibu papo hapo. Nasisitiza anwani kamili, kwa sababu mpaka hupita katikati ya barabara. Nyumba ya upande wa kushoto inakubaliwa, ile inayotazamana nayo haikubaliwi, ingawa watoto wa nyumba zote mbili wanapanda basi moja la shule na takataka zao huchukuliwa na lori moja. Mpaka huo huchorwa upya mara kwa mara kufuatana na takwimu za sensa, kwa hiyo jirani aliyenunua miaka mitano iliyopita si ushahidi wa lolote.

Sasa kaya, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye mzizi wa fitina. Kikomo cha kipato katika mkopo wa dhamana ni asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo. Kwa mwaka 2025, katika kaunti nyingi, kikomo hicho kilikuwa dola 119,850 kwa kaya ya mtu mmoja hadi wanne, na dola 158,250 kwa kaya ya watu watano hadi wanane. Kaunti zenye gharama kubwa zina vikomo vya juu zaidi. Kinachohesabiwa ni kipato cha kila mtu mzima atakayeishi katika nyumba hiyo, hata kama jina lake halimo kwenye mkopo, tena ni kipato kinachotarajiwa katika miezi 12 ijayo.

Chukueni kaya moja ya mfano, tuiweke mezani na hati zake. Baba ni dereva wa lori, anapata dola 58,000 kwa mwaka. Mama anahudumia wagonjwa, anapata dola 46,000. Kijana wao wa miaka 22 anafanya kazi kwenye ghala na kupata dola 24,000, na binti wa mwisho ana miaka minane. Baba na mama wanaomba mkopo wao wawili, wakijumlisha dola 104,000, na wanajiona wako salama. Hawako salama. Kijana anaishi nao, kwa hiyo kaya ina dola 128,000, na watu wanne wanabanwa na kikomo cha 119,850. Upo unafuu wa makato: kuna kiasi kinachopunguzwa kwa kila mtoto anayetegemea wazazi, na gharama za malezi ya watoto wa miaka 12 kushuka chini, wakati wazazi wako kazini, hupunguzwa pia, mradi ziwe na risiti. Kuna pia nafuu kwa mkopaji aliyefikisha umri wa miaka 62 au mwenye ulemavu. Tuseme malezi ya binti baada ya shule yanagharimu dola 5,000. Hata hivyo kaya hii bado imezidi.

Tuseme sasa bibi, mama mzazi wa baba, anahamia kwao moja kwa moja na pensheni yake ya dola 9,000 kwa mwaka. Kipato cha kaya kimepanda hadi dola 137,000 kabla ya makato, lakini idadi imekuwa watano, na kikomo kimeruka hadi 158,250. Bibi ameleta pensheni na ameleta pia haki ya kuomba. Nawaona mnacheka, na mimi nilipoliona jambo hili kwa mara ya kwanza nilicheka, lakini nisieleweke vibaya: anayehesabiwa ni mtu anayeishi humo kweli. Kumwandika bibi ambaye bado yuko kwake, au kumficha kijana ambaye viatu vyake viko mlangoni, ni kutoa taarifa za uongo kwa serikali ya shirikisho, na hilo ni kosa la jinai.

Baada ya kaya kupita ndipo mpango unamgeukia mkopaji, na hesabu inaanza upya. Kipato cha kijana kilichowabana kule juu hakiwasaidii hapa, kwa sababu uwezo wa kulipa hupimwa kwa kipato cha wale tu watakaotia saini. Huu ndio msumeno wa mpango huu, unakata mbele na nyuma. Kanuni ya kawaida ni kwamba malipo ya nyumba kwa mwezi, yaani mkopo pamoja na riba, kodi ya majengo na bima, yasizidi asilimia 29 ya kipato kabla ya makato ya kodi, na madeni yote kwa pamoja yasizidi asilimia 41. Kwa baba na mama wa mfano wetu, wenye takriban dola 8,667 kwa mwezi, hiyo ni kama dola 2,513 kwa nyumba na kama dola 3,553 kwa madeni yote. Mwenye akiba nzuri au historia ndefu ya kulipa kodi ya pango inayokaribiana na malipo mapya anaweza kuruhusiwa kuzidi kidogo.

Katika madeni, angalieni sana mikopo ya masomo. Mtu ambaye kwa sasa halipi chochote, kwa kuwa malipo yameahirishwa, hudhani deni hilo halionekani. Linaonekana: huhesabiwa kama malipo ya nusu ya asilimia moja ya salio kila mwezi, kwa hiyo deni la dola 40,000 linakula dola 200 katika ile asilimia 41. Gari nalo ni hivyo hivyo. Baba mmoja niliyemsaidia alikuwa amebakiza siku chache kukabidhiwa funguo, akaona ajipongeze kwa gari jipya la mkopo; mkopeshaji akapitia madeni yake upya, kama wanavyofanya wote kabla ya kukamilisha, na nyumba ikaenda kwa mnunuzi mwingine. Gari analo mpaka leo, na halipendi.

Kuhusu alama za mkopo, wizara haijaweka kiwango cha chini. Namba 640 mnayoisikia ni ile ambayo wakopeshaji wengi huitaka ili maombi yapite katika mfumo wa kompyuta bila kuchambuliwa mmoja mmoja. Aliye chini ya hapo, au asiye na alama kabisa kwa kuwa amekuwa akilipa kila kitu taslimu, anaweza kujengewa historia kwa risiti za kodi ya pango, umeme na simu, ingawa itabidi atafute mkopeshaji aliye tayari kwa kazi hiyo, na si wote walio tayari. Deni la serikali ya shirikisho lililochelewa humzuia mwombaji mpaka alishughulikie. Kuhusu uraia, mkopo ni kwa raia, wenye ukaazi wa kudumu na makundi mengine machache yanayotambuliwa na sheria. Hati ya ukaazi iwe hai na iwe mkononi.

Gharama za mpango ni mbili. Ipo ada ya dhamana ya asilimia 1 mwanzoni, ambayo inaweza kuingizwa ndani ya mkopo, na ada ya kila mwaka ya asilimia 0.35 ya salio. Kwa nyumba ya dola 200,000, ya kwanza ni takriban dola 2,000, na ya pili kama dola 59 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, ikishuka kadiri deni linavyopungua. Kwa kulinganisha, mkopo wa mpango mwingine, ule unaodhaminiwa na mamlaka ya makazi ya shirikisho, ungetaka utangulize asilimia 3.5 ya bei, yaani dola 7,000 kwa nyumba hiyo hiyo. Lakini kutotanguliza malipo hakufuti gharama za kukamilisha ununuzi, kama za mthamini, mwanasheria na hati, na hizo huwashtua wengi. Hapa pana mwanya halali: mthamini akiipa nyumba thamani iliyo juu ya bei mliyokubaliana, mkopo unaweza kufika kwenye thamani hiyo, na tofauti ikalipia gharama hizo. Nyumba mliyopatana kwa dola 180,000 ikithaminiwa 184,000, dola 4,000 zinapatikana. Muuzaji pia anaweza kuchangia gharama hizo, hadi asilimia 6 ya bei.

Nyumba yenyewe lazima iwe imara na salama. Kama maji yanatoka kwenye kisima cha nyumbani, maji hayo yatapimwa. Mfumo wa maji taka nao utakaguliwa. Mkopeshaji akimaliza kazi yake hupeleka faili wizarani kupata ahadi ya dhamana, na hatua hiyo huongeza siku, kwa hiyo katika mkataba na muuzaji ombeni muda wa kutosha tangu mwanzo.

Kabla sijaketi, nijibu swali nililoletewa kwenye karatasi: je, kipato kikipanda baada ya kununua, nyumba inachukuliwa? Kwa mkopo wa dhamana, hapana. Kipato hupimwa wakati wa kuomba, na ukipandishwa cheo mwezi mmoja baada ya kutia saini, hongera. Kwa mkopo wa moja kwa moja mambo ni tofauti: ruzuku hupitiwa upya kila baada ya muda na hupungua kipato kinapokua, sehemu yake inaweza kudaiwa siku nyumba itakapouzwa, na mkopaji ambaye sasa anaweza kukopeshwa na benki ya kawaida ataombwa ahamishie deni lake huko.