Nyota Pacha Zilizolala Ubavu

Ndugu zangu, leo nawaomba tukae na nyota mbili tu. Zimo katika kundinyota la Hercules, kwa jina DI Herculis. Kila moja ina uzito wa takriban mara tano wa Jua, na huzungukana kwa siku 10 na nusu. Obiti yao ni duaradufu iliyorefuka hasa: zikiachana, umbali kati yao hufika karibu mara tatu ya ule wa kukaribiana.

Duaradufu hiyo nayo hugeuka polepole. Hesabu za Newton na Einstein zilidai kama digrii 4 kwa karne. Vipimo vikatoa kama moja. Wapo waliofikia kumshuku Einstein! Kumbe hesabu ilichukulia kwamba kila nyota inajizungusha wima, kama pia ya mtoto iliyosimama sakafuni. Wengine walikwisha kuhisi kuwa nyota zimeinama, ila kuhisi si kupima.

Mwaka 2009 mwanaastronomia Simon Albrecht na wenzake walipima, kwa darubini ya Haute-Provence, Ufaransa. Nyota inayojizungusha ina upande unaotujia, ambao mwanga wake huelekea bluu, na upande unaotukimbia, ambao huelekea wekundu. Kwa kawaida mwenzake akipita mbele huziba upande mmoja, kisha wa pili. Hapa sivyo: muda wote wa kupatwa uliozibwa ni upande mmoja. Nyota zote mbili zimelala ubavu, moja digrii 72 kutoka wima, nyingine 84, na mlalo huo ndio unaoivuta duaradufu nyuma, hata ikageuka polepole kuliko hesabu zilivyodai.

Umbo la obiti linahusikaje? Nyota zikikaribiana huvutana hadi miili yao ya gesi ikajaa na kupwa kama bahari yetu. Msuguano wake huisimamisha wima mihimili ambayo nyota hujizungushia, na baadaye huifanya obiti kuwa duara. Mihimili hutangulia kwa sababu kuubadili mzunguko wa nyota yenyewe ni rahisi kuliko kuubadili ule wa obiti nzima. Basi obiti ikiwa duara, tutarajie mihimili iliyonyooka. Ikiwa bado imerefuka, huenda nyota zingali na mkao wa kuzaliwa.

Huenda, nasema. Nyota pacha nyingine, NY Cephei, zina obiti iliyorefuka karibu vilevile, lakini nyota iliyopimwa humo imesimama wima. Na jozi ya CV Velorum, yenye obiti ya duara ya siku zisizotimia 7, ina nyota moja iliyonyooka, na pacha wake ameinama kama digrii 50.