Tanga la Mtaa na Hati Fungani za Vita

SHEE: Assalaam alaikum, wasikizaji wetu. Dada Khadija ameingia na karatasi mkononi, hataki hata kuiweka mezani. Basi na aanze yeye.

KHADIJA: Waalaikum salaam. Jumanne baada ya alasiri nilikuwa barazani nasuka ukili, wakanijia watatu wa kamati ya mashua. Tanga la zamani limepasuka, na mashindano yako mlangoni. Si mchango, wakasema, ni mkopo. Toa elfu mbili, tutakurudishia elfu mbili na mia mbili. Ile mia mbili nikaikataa pale pale, hiyo ni riba. Lakini majirani wote macho kwangu, na mmoja wao akasema: "Mtaa mzima umeshatoa, umebaki wewe." Nikatoa. Nikapewa ukurasa wa daftari wenye mhuri wa zambarau. Wino haukuwa umekauka, tazama kidole.

SHEE: Tanga la kitambaa gani?

KHADIJA: Ngoja kwanza. Usiku namuuliza jirani yangu, kumbe naye aliambiwa maneno yayo hayo: umebaki wewe.

SHEE: Hapo umenigusa, maana ndivyo Uingereza ilivyofanya Novemba 1914. Serikali ilitaka wananchi wanunue hati fungani, yaani karatasi za kuikopesha serikali, za pauni milioni 350, ipate pesa ya kupigania vita. Zilizonunuliwa hazikufika hata theluthi. Benki Kuu yao ikalijaza pengo kimyakimya, kwa majina ya wakubwa wake wawili, na magazeti yakaandika kwamba watu walizigombania. Siri hiyo ilikuja kuanikwa 2017.

KHADIJA: Miaka mia na zaidi! Sasa huo ni mkopo au ni hadaa?

SHEE: Ni mkopo ulioanza kwa uongo. Lakini vita vikishaingia, pesa itatoka wapi? Kodi, au kuchapisha noti, au kukopa. Anayekopa walau anakuachia karatasi. Marekani katika Vita vya Pili watoto walibandika stempu za senti 25 kwenye kitabu. Zikifika 75 ni dola 18.75, unapewa hati, na baada ya miaka kumi inalipwa dola 25. Tena viwanda vilikuwa vinatengeneza silaha, mishahara ipo, vitu vya kununua hakuna. Pesa ile isingewekwa kando, bei zingepaa.

KHADIJA: Nao wasiotaka? Katika Vita vya Kwanza, huko huko Marekani, kuna waliopakiwa rangi ya manjano nyumba zao ili mji mzima uwajue. Mimi nilikuwa barazani mbele ya watu watatu tu, na nilishindwa kukataa.

SHEE: Lakini hukulazimishwa.

KHADIJA: Nililazimishwa kwa macho, kakangu!

SHEE: Sikubali. Hiyo ni aibu, na aibu si bunduki.

KHADIJA: Aibu kwetu hapa ni zaidi ya bunduki. Na hiyo karatasi unayoisifu, Wajerumani waliuziwa mara tisa tangu 1914 hadi 1918. Kufikia 1923 mfumuko wa bei umekula kila kitu. Mjane aliyeweka akiba ya maisha yake yote hanunui nayo hata mkate.

SHEE: Waliwakopesha walioshindwa. Uingereza ililipa.

KHADIJA: Ililipa lini? Ile hati ya 1917 waliahidi asilimia 5, 1932 wakaishusha hadi 3.5, na deni lenyewe wamelimaliza 2015. Aliyetoa pesa yake mifupa imeshaoza.

SHEE: Angeweza kuiuza hati kwa mwingine. Au kumrithisha mwanawe.

KHADIJA: Kumrithisha asilimia aliyopunguziwa. Hapo hunihamishi.

SHEE: Wala wewe hunihamishi mimi. Haya, tanga ni la kitambaa gani?

KHADIJA: Pamba. Nililishika. Zito, jeupe, lina harufu ya duka.

SHEE: Pamba! Alhamdulillahi. Nyuzi je? Babangu alishona matanga kijijini Matondoni, Lamu. Uzi aliupitisha kwenye nta mara mbili, kisha sindano anaisukuma kwa kiganja alichofunga ngozi. Mshono wa mashine, kusi ikikaza, unafumuka kuanzia kwenye foromali, ule mti wa juu unaoshika tanga. Nani anashona?

KHADIJA: Hawakusema.

SHEE: Umetoa elfu mbili bila kujua nani anashona?

KHADIJA: Ndicho ninachokwambia tangu tulipoanza! Hata yule mama wa Ujerumani hakuonyeshwa pesa yake imekwenda kwenye mzinga gani.

SHEE: Hilo nalo… La, bado nasema tofauti ipo. Wewe tanga utaliona majini.

KHADIJA: Na pesa nitaiona mashua ikishinda. Ikishindwa je, nitamdai nani?

SHEE: Utamdai nahodha.

KHADIJA: Nahodha ni mpwa wangu, Shee.

SHEE: Subhanallah. Na dakika zetu zimekwisha, mashua ya kuvukia kwenda Mokowe hainisubiri.

KHADIJA: Na yale mafunzo matatu uliyoyaandika?

SHEE: Hata la kwanza hatujaligusa. Yabaki daftarini.

KHADIJA: Basi ukipita ufukoni uligeuze hilo tanga, uangalie mshono. Kisha nipigie.