Mlinzi wa Zawadi: Mhadhara kuhusu Mfululizo wa McMillions

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, nawashukuru kwa kunikaribisha nizungumzie McMillions, mfululizo wa filamu za hali halisi unaosimulia wizi wa zawadi za mchezo wa migahawa ya McDonald's, uliorushwa na kituo cha HBO cha Marekani kuanzia Februari 3, 2020, katika sehemu sita zilizoongozwa na James Lee Hernandez na Brian Lazarte. Nimeombwa niujadili kama kazi ya habari za uhalifu, nami nitafanya hivyo. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa sheria, mtaniwia radhi nikikawia zaidi kwenye jambo moja: katika udanganyifu uliodumu miaka 12, mzigo uligawanywaje kati ya mwizi, madalali wake na wale waliopiga picha wakitabasamu na hundi mikononi? Maoni yangu ni kwamba kadiri mtu alivyokuwa mbali na wizi wenyewe, ndivyo alivyofaidi kidogo na kujiweka hatarini zaidi. Mfululizo huu unatuonyesha hilo, ingawa mara nyingi unatuonyesha huku ukicheka.

Tuanze na mchezo. McDonald's haina mgahawa Kenya wala Tanzania, kwa hiyo wengi wetu hatukuushuhudia, lakini yeyote aliyewahi kuchungulia ndani ya kizibo cha soda kutafuta zawadi anaijua hamu yake. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilianzisha promosheni iliyojengwa juu ya mchezo wa ubao wa Monopoly. Vibandiko vilibandikwa kwenye vikombe vya vinywaji na maboksi ya chipsi, na vingine viliwekwa ndani ya magazeti na majarida. Baadhi vilimpa mteja zawadi papo hapo, na vingine vilitakiwa kukusanywa hadi seti itimie. Aliyekuwa na kibandiko cha Park Place alihitaji cha Boardwalk, yote mawili yakiwa majina ya mitaa kwenye ubao wa Monopoly, ili apate dola milioni 1. Park Place zilikuwa tele, na Boardwalk zilikuwa chache mno, hivyo thamani yote ya seti ilikaa kwenye kipande kimoja cha karatasi kinachoshikika kwa vidole viwili.

Kwa nini vibandiko viliwekwa hata kwenye majarida? Sheria ya Marekani inahesabu kuwa bahati nasibu mchezo wowote wenye mambo matatu kwa pamoja: zawadi, bahati, na malipo ya kushiriki. Kampuni binafsi hairuhusiwi kuendesha bahati nasibu, kwa hiyo huliondoa lile la tatu kwa kumwachia mtu njia ya kupata kibandiko bila kununua chochote. Naomba mlikumbuke jarida, kwa sababu litarudi katika ushahidi.

McDonald's haikuuendesha mchezo yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa ya kampuni ya Simon Marketing ya Los Angeles, na vibandiko vilichapishwa na Dittler Brothers katika jimbo la Georgia. Mkuu wa usalama wa Simon alikuwa Jerome Jacobson, aliyewahi kuwa askari polisi huko Hollywood, mji wa Florida ambao wengi huuchanganya na ule wa sinema. Wajibu wake ulikuwa kuvichukua vibandiko vyenye zawadi kubwa kutoka kiwandani, kuvisafirisha kwa ndege hadi kwenye viwanda vya vikombe na maboksi, na kuhakikisha vimeingizwa humo bila mtu kujua vimekwenda wapi. Bahasha zilifungwa kwa lakiri maalumu ambazo zikibanduliwa haziwezi kurudishwa, na safarini aliandamana na mkaguzi kutoka nje ya kampuni. Kwenye karatasi, utaratibu huo haukuwa na tundu.

Tundu lilipatikana katika mambo mawili madogo. Kwanza, shehena ya lakiri iliyotoka Hong Kong ilitumwa kwa Jacobson kwa makosa, na tangu siku hiyo alikuwa na akiba yake mwenyewe ya kitu kilichotengenezwa ili kumzuia mtu kama yeye. Pili, mkaguzi aliyeandamana naye alikuwa mwanamke. Wakifika uwanja wa ndege Jacobson aliomba udhuru, akaingia choo cha wanaume na bahasha, akajifungia, akaibandua lakiri, akavitoa vibandiko vya ushindi na kuweka vya kawaida mahali pake, kisha akaifunga bahasha kwa lakiri mpya na kurudi kwa mwenzake kama mtu aliyekwenda kunawa mikono. Wateja waliendelea kubandua vikombe vyao kwa miezi, na zawadi kubwa hazikuwamo.

Kwa maelezo yake mwenyewe, alianza mwaka 1989 kwa kumpa ndugu yake wa kambo kibandiko cha dola 25,000. Anadai kwamba wizi mkubwa ulifuata mwaka 1995, baada ya kuona droo ikirudiwa ili zawadi kubwa isiangukie Kanada, jambo lililomshawishi kwamba mchezo ulikuwa umekwishapindwa na wenye nao. Mimi dai hilo nalipokea kwa tahadhari. Mtu aliyekwisha kuiba miaka sita kabla hahitaji Kanada ili apate sababu. Vilevile Jacobson hakukubali kuhojiwa katika mfululizo huu, kwa hiyo hakuna aliyemkalisha mbele ya kamera na kumuuliza swali la pili. Waandaaji wamelikabili pengo hilo kwa uwezo mkubwa: wamemjenga kwa sauti za waliomjua, waliomfuata na waliomkamata, na sidhani kama maneno yake yangeongeza mengi.

Mwaka huohuo wa 1995, hospitali ya watoto ya St. Jude iliyoko Memphis, Tennessee, ilipokea barua isiyo na jina la mtumaji, na ndani yake mlikuwa na kibandiko cha dola milioni 1. Kanuni za mchezo zilikataza kumhamishia mtu mwingine ushindi, lakini McDonald's ilikubali kulipa, dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 20. Baadaye ilipofahamika kwamba kibandiko kilitoka mikononi mwa Jacobson, kampuni iliendelea kulipa hadi mwisho. Nani angethubutu kuidai hospitali ya watoto wenye saratani irudishe fedha?

Mpango huo wa malipo ya kila mwaka ndio ufunguo wa kuelewa yaliyowapata washindi wa bandia. Jacobson hakutaka kusubiri miaka 20, naye hakuweza kudai zawadi kwa jina lake. Alihitaji madalali, na mmoja wao alikuwa Gennaro Colombo, mtu aliyehusishwa na ukoo wa mafia wenye jina hilo, ambaye alikutana naye katika uwanja wa ndege wa Atlanta na ambaye mwenyewe alionekana kwenye tangazo la televisheni kama mshindi wa gari aina ya Dodge Viper. Alifariki mwaka 1998 baada ya ajali ya gari. Madalali waliwatafuta jamaa, marafiki, na marafiki wa marafiki, na waliouziwa kibandiko walitakiwa kutoa fungu kubwa mapema, taslimu, wakati wao wenyewe wangepokea dola 50,000 kwa mwaka na kukatwa kodi. Mtu asiye na akiba angelipata wapi fungu hilo?

Jibu lipo katika simulizi ambalo kwangu ndilo moyo wa mfululizo mzima. Ni la mama mmoja wa Jacksonville, Florida, aliyekuwa akilea mtoto peke yake, ambaye rafiki yake alimletea habari za kibandiko. Aliiweka nyumba yake rehani ili apate fedha za kuanzia. Alifundishwa la kusema, na alitakiwa kudai kwamba anaishi South Carolina, kwa sababu washindi wengi kutoka eneo moja wangezua maswali. Anapoyasimulia haya mbele ya kamera hatafuti huruma, na kamera, kwa heshima yake, imetulia. Tangu alipotia saini fomu ya madai, jina lililoandikwa kwenye kosa lilikuwa lake. Dalali hakutia saini, wala Jacobson. Na kwa kuwa madai yalitumwa kwa posta, kila bahasha iliyobandikwa stempu ilikuwa kosa la udanganyifu kwa njia ya posta, ambalo ni la serikali kuu, hata kama kibandiko kiliibwa katika jimbo ambalo aliyetia saini hakuwahi kulikanyaga.

Ofisi ya Jacksonville ya FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu ya Marekani, ilidokezwa mwaka 2000 kwamba mmoja wa washindi wa dola milioni 1 hakushinda, na kwamba kulikuwa na mtu wa ndani aliyeitwa “Uncle Jerry”, yaani Mjomba Jerry, kifupi cha Jerome. Makachero walipopanga majina ya washindi wa miaka iliyopita, waliona undugu na ujirani ambao bahati haiwezi kuuleta. Tatizo likawa ushahidi. Vibandiko vya zamani vilikuwa vimelipwa, na wenye siri walikuwa wametulia. Upelelezi ulihitaji mchezo mpya, na ndipo McDonald's ilipoombwa iuendeshe tena mwaka 2001, ikijua kwamba zawadi kubwa zitaibwa. Kampuni ilikubali. Sehemu hii inasimuliwa kwa uchangamfu, hasa na kachero Doug Mathews, ambaye angeweza kuishi kwa kuchekesha jukwaani, nami nilicheka kama wengine. Hata hivyo tulitazame lilivyo: kwa wiki kadhaa, watu wengi walinunua vikombe na maboksi wakicheza mchezo ambao serikali na kampuni zilijua kuwa hauna haki. Sisemi kwamba uamuzi ulikuwa mbaya. Bila huo huenda Jacobson angeendelea. Ninachosema ni kwamba hapa mfululizo ulipaswa kusimama kidogo, ukamuuliza mwendesha mashtaka na mwakilishi wa kampuni walivyoupima uamuzi huo.

Mtego wenyewe ulikuwa wa kupendeza. Makachero walijifanya wapiga picha wa kampuni ya kubuni, Shamrock Productions, wakaandamana na ofisa wa kweli wa McDonald's hadi Westerly, Rhode Island, kwa mshindi mpya wa dola milioni 1. Akiwa amestarehe mbele ya kamera, mshindi alieleza kwamba jarida lake la People lililowa maji akiwa ufukweni, akaenda kununua nakala nyingine, na humo akakuta kibandiko. Lile jarida nililowaomba mlikumbuke ndilo hili: njia ya kupata kibandiko bila kununua chakula ilimpa mwongo hadithi isiyohitaji risiti ya mgahawa wala shahidi. Kila neno lilirekodiwa. Wakati huohuo malipo yalicheleweshwa makusudi, washindi wakaanza kuwapigia simu madalali kwa wasiwasi, na madalali wakampigia Jacobson, huku FBI ikisikiliza.

Agosti 21, 2001 Mwanasheria Mkuu wa Marekani John Ashcroft alitangaza kukamatwa kwa watu 8 na kwamba zawadi zilizopotea zilizidi dola milioni 13, hesabu ambayo baadaye ilipanda hadi kufikia dola milioni 24. McDonald's ilivunja mkataba na Simon Marketing, kampuni hiyo ikaporomoka, na wafanyakazi ambao hawakuwahi kuiona lakiri wakapoteza kazi. Kesi ya kwanza ilianza Jacksonville Septemba 10, 2001. Kilichotokea New York na Washington asubuhi iliyofuata kiliifuta habari hii kwenye kurasa za mbele, na ndiyo maana ilipofika mwaka 2020 hata Wamarekani waliipokea kama jambo jipya.

Zaidi ya watu 50 walitiwa hatiani. Jacobson alikiri makosa matatu ya udanganyifu kwa njia ya posta, akahukumiwa miezi 37 jela na kuamriwa kurejesha dola milioni 12.5. Wengi wa washindi wa bandia hawakufungwa, lakini waliachiwa madeni ya kurejesha na rekodi ya jinai ambayo huulizwa katika kila fomu ya kazi. Kwa wanafunzi wa sheria, hata hivyo, hukumu ninayowasihi muisome ni ya mwaka 2004, pale Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11, moja ya mahakama za rufaa za serikali kuu ya Marekani, ilipofuta hatia za washtakiwa wanne. Upande wa mashtaka ulikuwa umewashtaki wote kwa njama moja. Mahakama iliona kwamba ushahidi ulionyesha gurudumu lisilo na ukingo wa nje: Jacobson katikati, na kila dalali au mshindi akiwa njiti moja ya gurudumu inayoishia kwake, bila chochote kinachowaunganisha wao kwa wao. Washindi wengi hawakujuana. Baadhi hawakujua hata kwamba vibandiko viliibwa na mlinzi wake. Walijua tu kwamba havikuwa vyao, na hilo ni kosa la namna nyingine.

Hukumu hiyo haikuwatakasa waliodanganya, wala mimi siwatakasi. Mama wa Jacksonville alijua kwamba hakushinda. Lakini njama ni neno zito katika sheria, linalomfanya mtu abebe matendo ya watu ambao hajawahi kukutana nao, na majaji hao walikataa kulitumia kwa sababu tu wote walipita kwenye mlango mmoja. Filamu ina ugumu wake hapa, kwa kuwa kila mfululizo wa namna hii hupenda ubao wenye picha na nyuzi zinazokutana katikati, na mtazamaji akishauona ubao huo huamini kwamba waliomo ni genge moja. Ofisi ya Jacksonville ilipanga ubao kama huo ukutani, nao uliwasaidia kumpata Jacobson. Mbele ya mahakama ya rufaa, nyuzi hizohizo zilipofuatwa moja baada ya nyingine, ilionekana kwamba hakuna hata moja iliyotoka kwa mshindi mmoja kwenda kwa mwingine.

Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, na naona mikono imeanza kunyooshwa. Nipo tayari kwa maswali.