Vifo vya barabarani Kenya: orodha ya nani?

Kwa mwaka 2016, serikali ya Kenya iliripoti vifo 2,965 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani, kwa mwaka huohuo, likasema 13,463. Watu husikia hivyo wakauliza nani anadanganya. Si lazima awepo.

Hesabu ya kwanza imetoka kwa polisi. Chukueni abiria wa bodaboda aliyegongwa pale Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Askari anaandika kwenye OB, daftari la matukio la kituo: majeruhi mmoja. Majeruhi analazwa, anahamishiwa hospitali kubwa, siku ya tisa anafariki. Kwa kanuni ya kimataifa, anayefariki ndani ya siku 30 huhesabiwa kuwa ameuawa na ajali. Haya, nani atarudi kituoni kurekebisha neno "majeruhi"? Asipokwenda mtu, marehemu anaendelea kuishi kwenye takwimu. Hospitalini nako cheti kinaweza kuandikwa "jeraha la kichwa", usijue aligongwa na gari au alianguka mwembeni.

Ya pili haikuhesabiwa. Ni makadirio ya kihisabati, yanayotazama mambo kama kipato cha nchi na wingi wa magari. Majina 13,463 hayako popote, wala makadirio hayo hayakuonyeshi pa kuweka matuta.

Mimi nashikilia kulinganisha majina ya orodha mbili. Tuseme, kwa mfano tu, polisi wana majina 40, mochari ina 60, na 20 yamo kotekote. Polisi wamenasa theluthi ya waliomo mochari. Orodha zikiwa hazitegemeani, yaani kuwamo kwenye moja hakumwongezei mtu nafasi ya kuwamo kwenye nyingine, basi 40 wa polisi ni theluthi ya wote: zidisha 40 kwa 60, ugawanye kwa 20, vifo 120. Orodha hizo mbili kwa pamoja, ukiondoa waliojirudia, zina watu 80, kwa hiyo 40 hawamo popote.

Tatizo ni lile "zikiwa hazitegemeani". Kwetu mara nyingi polisi haohao ndio wanaopeleka maiti mochari, hivyo majina yaliyo kotekote yanakuwa mengi kuliko inavyopaswa, na jibu linatoka dogo. Halafu Mwislamu wa Malindi aliyerudishwa nyumbani akafia huko, huzikwa mapema iwezekanavyo. Mochari haimfahamu kabisa. Anayeweza kuwa na jina lake ni naibu chifu aliyetoa kibali cha mazishi.

Ningepewa fedha kidogo ningeanza na madaftari ya manaibu chifu, tena Kilifi, kwa kuwa huko watafiti wamekuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba tangu mwaka 2000 wakiandika waliozaliwa na waliofariki. Daftari likiwa na mapengo, ukililinganisha na orodha ya watafiti hao yataonekana.