Nani Kachota, na Kachota Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Tangazo la leo limeandikwa kwamba nitazungumzia utafiti wangu wa baada ya uzamivu, kuhusu uigaji wa kompyuta na uchukuaji wa sampuli za malighafi za chembechembe. Tangu libandikwe nimeulizwa mara tatu kama nauza kokoto. Siuzi. Nina swali moja tu, na wanaonifahamu wameshachoka kulisikia: nani kachota, na kachota wapi?

Mlipoingia mmekuta ndoo ya lita 20 pale mlangoni, ina mtama na njugumawe. Kila mmoja kachota konzi moja, kaangalia, kaandika kwenye karatasi anavyodhani njugumawe ni fungu gani la ndoo nzima. Karatasi ninazo. Tuziache kwanza.

Kazi hii niliianza kwa aibu. Kabla sijasoma sana nilikuwa kijana wa maabara katika kiwanda kimoja mbali na Tanga. Sikitaji, na nyinyi msianze kubahatisha. Tipa la tani 30 linakuja na mawe ya chokaa yaliyopondwa, linamwaga, lundo linasimama kunipita kimo. Natumwa na beleshi na ndoo: "Kalete sampuli." Nimevaa kandambili, jua la saa saba. Mnadhani nilichota wapi? Nilichota mguu ulipofika. Ukingoni, chini, penye mawe mazuri yasiyo na vumbi.

Mawe yakasagwa, yakabanwa yakawa kidonge cha gramu 10 hivi, kikaingizwa kwenye mashine ya eksirei, ile inayopima ndani ya mawe mna nini na kiasi gani. Jibu likatoka na tarakimu tatu baada ya nukta. Tarakimu tatu! Bosi akafurahi, mchanganyiko ukarekebishwa kulifuata jibu lile, na wiki nzima tanuri likatutoa jasho. Akaitwa fundi wa mashine. Fundi akaja, akaifungua, akaifunga, akasema haina tatizo. Na kweli haikuwa nalo. Ilikuwa imepima kwa uaminifu mkubwa kitu ambacho si lundo.

Kwa sababu lundo likimwagwa linajichambua lenyewe. Mawe makubwa yanabingirika mpaka chini, vumbi linabaki tumboni. Na katika mawe yale, udongo wa mfinyanzi ndio uliokuwa laini, ukipondwa unakuwa vumbi. Kwa hiyo mimi na kandambili zangu tulileta chokaa safi na kuuacha udongo wote katikati.

Mama yeyote aliyepepeta mchele analijua hili bila shahada. Ungo ukitikiswa, chenga zinakwenda zake, makapi yanakuja mbele, mchele unabaki nyuma. Hujapata kumwona mtu akachota upande wa makapi akasema, "Mchele wote huu ni makapi." Angechekwa mtaa mzima. Lakini lundo ni ungo mkubwa tu uliolala chini, na mtu aliyevaa kofia ngumu anachota upande mmoja, anatia saini, na hakuna anayecheka.

Kiswahili kimelimaliza jambo hili zamani. Konzi ni kile kinachoenea kwenye kiganja, na konzi ni kile unachopigwa kichwani. Anayechota ya kwanza kwenye lundo anastahili ya pili.

Namwona mzee wangu pale nyuma anatikisa kichwa. Najua anachosema: si ulichanganye kwanza? Mzee wangu, lichanganye. Kisha utalichota kwa koleo ulimwage mahali pengine, na ukishalimwaga limejichambua tena. Ukilipakia kwenye lori, barabara italitikisa. Mchanganyiko wa chembe za ukubwa tofauti haukai, kila ukiuhamisha unavunjika.

Wengine wanasema, basi tununue mashine bora. Hesabuni nami. Gramu 10 kutoka tani 30 ni sehemu moja katika milioni tatu. Mnahangaika na nukta ya tatu ya mashine, na ile milioni tatu mmemwachia kijana mwenye kandambili.

Aliyelikalia jambo hili kitako ni Mfaransa, Pierre Gy, aliyefariki mwaka 2015. Na halikuanzia Paris. Miaka ya 1940 alikuwa akifanya kazi kwenye mgodi wa risasi, risasi ya madini si ya bunduki, huko Kongo ya Brazzaville. Swali lililomsumbua ni la mtu yeyote mwenye lundo mbele yake: nichote kiasi gani ndipo niamini? Alilotuachia la kwanza ni kwamba kila punje, iliyo juu, chini na tumboni, iwe na nafasi sawa ya kuingia kwenye sampuli. Punje ambayo beleshi haliwezi kuifikia haijawakilishwa, hata uchote mara mia. La pili linawauma wenye haraka: ukubwa wa punje ukizidi mara mbili, uzito wa sampuli uzidi mara nane. Kama kilo 1 inakutosha kwa kokoto za milimita 5, kwa za milimita 10 chukua kilo 8, na kwa za milimita 20 ni kilo 64. Nani atabeba? Ndiyo maana tunaponda kwanza, kisha tunagawa.

Na mahali pazuri pa kuchotea si kwenye lundo kabisa. Ni pale mzigo unapodondoka mwishoni mwa mkanda unaousafirisha. Pitisha chombo kiukate mkondo wote, ukingo huu mpaka ule, kwa mwendo uleule, mdomo wake usipungue mara tatu ya jiwe kubwa kuliko yote. Mkondo wote, siyo kona yake.

Sasa kompyuta, maana naona vijana wamechoka na mawe. Mwaka 1979 Cundall na Strack walichapisha njia ya kuiga punje moja moja: kila moja ina uzito wake, inadondoka, inamgonga jirani, inateleza, na hesabu za Newton zinarudiwa kwa kila punje katika vipande vya muda vidogo mno. Tani 30 za mawe ya sentimita 1 ni mawe kama milioni 20, na kompyuta yangu inaanza kulia mapema zaidi ya hapo. Basi tunaiga lundo dogo. Tunamwaga mawe ya kweli sakafuni, tunapima mteremko wake, tunarekebisha msuguano mpaka lundo la kompyuta lisimame vilevile. Hapo pana mtego: misuguano tofauti inaweza kutoa mteremko mmoja. Ningekuwa na saa ya pili ningewaonyesha.

Faida yake ni hii. Lundo la kompyuta nimelijaza mwenyewe, kwa hiyo najua udongo uliomo ni kiasi gani. Nachota ukingoni mara elfu bila kutoka jasho, nalinganisha na ukweli. Na majibu yote elfu yanaegemea upande mmoja! Kijana wa kandambili hata angerudia kila siku angekosea vilevile, tena kwa kujiamini zaidi, maana majibu yake yangekuwa yanafanana.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Wakulima, msidhani haya ni ya viwanda. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu kwenye mahindi, Dodoma na Manyara. Sumu ile haijatandazwa sawa gunia zima, inajificha kwenye punje chache. Bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka guniani, likichomwa ubavuni mara moja likakosa zile punje, gunia "limepona". Chomeni magunia mengi, mahali pengi, mkusanye, msage, mchanganye, ndipo mpime. Bwana Janssen wa 1895, aliyeonyesha kwamba kuta za ghala hubeba sehemu ya uzito wa nafaka, nilimwandalia dakika kumi. Anisamehe.

Karatasi. Asubuhi nimepima kilo 1 ya njugumawe na kilo 14 za mtama, nikachanganya kwa mwiko, nikapanda bajaji na ndoo miguuni kutoka Mikanjuni. Njia za mtaani kwetu mnazijua. Wengi mmeandika robo, wengine theluthi, kwa sababu tikisatikisa ile imezipandisha njugumawe juu. Na kuna karatasi moja imeandikwa "hakuna". Nimemuuliza mwenyewe, ni Bi mkubwa yule wa mstari wa mbele: anasema yeye huwa haamini cha juu, alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akachota chini kabisa.

Vijana wawili wanisaidie kutandika ule mkeka. Tunaimwaga ndoo yote taratibu, na safari hii mtu asichote: tunakinga mkondo.