Donge la Damu Halisubiri Mshipa Uzibe
Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Wengi wetu tunaamini kwamba lehemu, yaani kolesteroli, huziba mshipa kidogo kidogo, miaka nenda miaka rudi, mpaka njia ifungwe. Kwa hiyo asiyeumwa kifua anajihesabu salama. Imani hiyo inatuponza. Mara nyingi shambulio la moyo huanzia pale ambapo mshipa ulikuwa bado unapitisha damu vizuri. Kinachoua ni donge la damu, nalo hujijenga kwa dakika chache tu.

Lehemu ya LDL, ile inayoitwa lehemu mbaya, ikizidi, hupenya kwenye ukuta wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na kunasa humo. Chembe za kinga huja kuila, hushiba mafuta, hufa, na mabaki yake hurundikana chini ya utando mwembamba. Siku utando huo ukichanika, mabaki yale hukutana na damu inayopita, na mwili hufanya kile kile unachofanya mtu akijikata panga shambani: chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu, hushikamana, nyuzi za fibrini hujifuma juu yake, damu inaganda. Kwenye jeraha la mguuni, kuganda huko ndiko kunakokuokoa. Kwenye mshipa wa moyo kunaikatia misuli damu. Kwenye mshipa wa ubongo kunaleta kiharusi.

Tena kuna mafuta yanayogusa kuganda kwenyewe. Triglisaridi, aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu, zikipanda, mara nyingi hupanda pamoja na protini iitwayo PAI-1, inayozuia mwili usiyeyushe madonge yake. Matatizo mengine ya lehemu ni ya kurithi, na hayo hayaangalii umbo: mtu mwembamba, asiyejua chipsi, anaweza kuwa na LDL ya kutisha. Kama baba au kaka yako alipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, nakusihi ukapime hata kama hujisikii chochote.

Najua mnataka kusikia habari za korosho. Ina mafuta mengi, karibu nusu ya uzito wake, ila sehemu kubwa si ya aina inayopandisha lehemu. Kula kiasi cha kiganja, bila chumvi nyingi. Ming'oko, kunde, mbaazi, samaki wa kuchoma, endeleeni navyo. Nazi ndiyo inayonitia wasiwasi, na najua ninasema na watu wa pwani. Mafuta yake mengi ni yale yanayopandisha LDL. Sisemi muiache, lakini tui zito mchana na usiku, juu ya samaki aliyekwisha kukaangwa, hapo pana pa kupunguza. Sigara sina mjadala nayo: inaumiza ukuta wa mshipa na kuzifanya chembe sahani zishikamane upesi.

Kitunguu saumu na maji ya limau havizibui mishipa. Statini, dawa za lehemu, zinashusha LDL na kuuimarisha ule utando. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444 ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 30 hivi kwa waliopewa simvastatini. Inaniuma kuona mtu anapima, anakuta namba imeshuka, anaacha vidonge. Imeshushwa na vidonge hivyo hivyo. Akiacha bila kumuona daktari, itapanda tena.

La mwisho ni la haraka. Uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, hizo ni dalili za kiharusi; msianze kwa kumtafuta aliyemtupia jini. Mpelekeni mgonjwa hospitali ya Ligula saa ile ile, na mkumbuke dalili zilianza saa ngapi, maana daktari atauliza. Aspirini msimpe nyumbani: aina nyingine ya kiharusi hutokana na mshipa kupasuka, na aspirini itazidisha kuvuja kwa damu.