301 au 302: umehama, au unarudi?

Haya jamani, sogeeni mbele viti bado vipo. Leo ni ridairekti, yaani seva kumpeleka mgeni kutoka adresi moja ya saiti kwenda nyingine, na inapofanya hivyo hutaja namba: 301 ni kuhama moja kwa moja, 302 ni kwa muda. Ukibadilisha laini unawatumia watu meseji, hii ndo namba yangu mpya, wanaiseivu. Lakini chaji ikikuishia ukampigia mama kwa simu ya mdogo wako, mama haiseivu hiyo namba kwa jina lako, anajua kesho utarudi kwenye yako. 301 ni ile meseji, 302 ni simu ya kuazima, na Google anafanya vilevile: ukimpa 301 anaonyesha adresi mpya, ukimpa 302 kwa kawaida anabaki na ya zamani.

Sasa tatizo ninalokutana nalo sio watu kuchagua vibaya, ni kutochagua kabisa. Andika Redirect kwenye htaccess, faili la mipangilio la seva ya Apache, bila kutaja namba, unapata 302. Location kwenye kodi ya PHP, 302. wp_redirect ya WordPress, 302 tena! Yaani ukinyamaza, seva inakusemea kwamba unarudi. Nilipokea saiti ya biashara moja ya utalii Arusha iliyohama kutoka .com kwenda .co.tz, miezi imepita na wageni wakigugo bado wanaona adresi ya zamani, mwenyewe ameshashauriwa aongeze hela ya matangazo, kumbe ni neno permanent tu, lile la 301, halikuandikwa. Iliniuma sana. Google anaweza kuja kushtuka mwenyewe kwamba hurudi, ila usimwachie akisie.

Tukaweka 301, kila ukurasa kwa mwenzake, na hapo msirushe kurasa zote hompeji maana Google anazihesabu kama hazipo. Domeini ya zamani endeleeni kuilipia, Google wanasema ridairekti ikae angalau mwaka mzima, mimi nasema ikae zaidi ukiweza. Na ile hofu kwamba ridairekti inakula PageRank, yaani alama ambayo Google huupa ukurasa kutokana na linki zinazouelekea, iacheni, Gary Illyes wa Google alishasema tangu 2016 hizi zinazoanza na 30 haziipotezi.

Lakini msiende kuweka 301 kila mahali! Brauza inaikumbuka. Umehamisha ukurasa wa bei siku tatu tu kwa ajili ya ofa ya Idd, ukaweka 301, Idd imeisha umeitoa kwenye seva, na bado simu ya mteja inaweza kumpeleka kulekule kwenye ofa iliyokufa, na huwezi kuingia kwenye simu yake kumfutia kashe, yaani kumbukumbu ya brauza. Ofa, matengenezo, majaribio, hizo ni 302. Kama hujaamua anza na 302, ukiridhika ndo uifanye 301.

Wenye fomu za buking pia, brauza ikituma POST, yaani fomu iliyojazwa, ikajibiwa 301 au 302, huigeuza GET, yaani ombi la kufungua ukurasa tu, na alichojaza mteja kinapotelea njiani. Tumia 308 kwa kuhama, 307 kwa muda.

Fungueni laptop, kwenye terminal, ile sehemu ya kuandikia amri, andika curl -I halafu adresi yako ya zamani, mstari wa kwanza una namba. Nani anaanza kutusomea yake?